Sabato Katika Historia ya Ethiopia

Ndugu zangu mliopita shule hii, nanyi vijana mliopo sasa, Mhariri ameniomba niandike jambo la historia. Mimi ni mtu wa majalada, si mwalimu, lakini liko suala moja ambalo tangu Chuo Kikuu halijanitoka akilini: siku ya Sabato, na jinsi Waethiopia walivyoshindana kwa ajili yake kwa karne tatu.

Wengi wetu tunawakumbuka wenzetu Wasabato. Ijumaa jua likizama walifunga madaftari yao, hata kama mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Wapo waliosema kuwa huo ni uvivu uliovikwa nguo ya dini. Shutuma hiyo ni ya kale sana. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliwalaumu Wayahudi kwamba kwa kupumzika siku ya saba wanapoteza sehemu ya saba ya maisha yao.

Torati yenyewe inatoa amri hii mara mbili, na sababu zake hazifanani. Katika Kutoka, sura ya 20, sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, ya saba akapumzika. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, sababu ni utumwa: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, basi mtumwa wao na mjakazi wao nao wapate kupumzika. Hata ng'ombe na punda hawakusahauliwa. Kwa maoni yangu sababu hii ya pili ndiyo nzito zaidi. Mtumwa hana siku iliyo yake. Akipewa siku moja katika saba ambayo bwana wake haruhusiwi kuigusa, amekwisha kuambiwa kwamba juu ya bwana huyo yuko Bwana mwingine.

Sehemu kubwa ya Wakristo duniani walishika Jumapili na kuiacha Jumamosi. Nchini Ethiopia wako waliozitaka zote mbili. Kiongozi wao alikuwa mtawa Ewostatewos. Tatizo ni kwamba askofu mkuu wa Ethiopia alikuwa akiletwa kutoka Alexandria, Misri, na huko Jumamosi ilihesabiwa kuwa desturi ya Kiyahudi. Ewostatewos akalazimika kuihama nchi yake, akafia ugenini Armenia mwaka 1352. Wafuasi wake walinyimwa daraja za ukasisi, wakasukumwa hadi nyanda za juu za kaskazini, ambako sasa ni Eritrea. Huko walijenga nyumba za utawa, mojawapo ikiwa Debre Bizen, ambayo ingalipo. (Jumamosi wenyewe huiita Kidame, maana yake ya awali. Nasi Waswahili tunaihesabu kuwa mosi, ila sisi tunaanzia kwenye Ijumaa.)

Walipoitwa mbele ya Mfalme Dawit mwaka 1400 walikataa kuiacha Jumamosi, wakawekwa kizuizini. Miaka minne baadaye Dawit akawaachilia na kuwaruhusu waishike siku yao. Ushindi kamili walipewa na mwanawe, Zara Yaqob, katika mkutano wa Debre Mitmaq mwaka 1450: siku zote mbili ziheshimiwe, nao watawa wakubali kupokea daraja kutoka kwa maaskofu. Zara Yaqob hakuwa mtu mpole, wala sidhani alisukumwa na ibada tupu. Alitaka ufalme wenye kanisa moja. Hata hivyo, jambo la kutazamwa ni kwamba dola ndiyo iliyowafuata watawa.

Mwaka 1555 Mfalme Gelawdewos alijibu tuhuma za mapadre wa Kireno kwamba Waethiopia ni Wayahudi wa siri. Alieleza kuwa wao hawaishiki Jumamosi kwa kuacha kuteka maji au kuwasha moto. Wanaishika kwa kushiriki meza ya Bwana na kufanya karamu za upendo. Hapo ndipo ninapoiona maana ya kiroho ya siku hii: mikono huachishwa kazi ili watu wakutane na kula pamoja. Anayelala tu kutwa nzima amepumzisha mwili, na hilo hata punda hulifanya.

Susenyos hakulielewa hilo. Baada ya kuvutwa na Wajesuiti alipiga marufuku kuishika Jumamosi, akataka watu walime siku hiyo. Mkulima aliyekwisha kumlipa mfalme kodi sasa alidaiwa na siku yake pia. Uasi ukazuka, damu nyingi ikamwagika, na mwaka 1632 Susenyos akairudisha dini ya zamani na kumwachia kiti mwanawe Fasilides.

Hadi leo Kanisa la Tewahedo huzihesabu Jumamosi na Jumapili kuwa siku za heshima. Hata katika mfungo mkuu, siku hizo mbili waumini hawakai na njaa hadi alasiri kama wafanyavyo siku nyingine.