Mafia: Kisiwa na Miji Yake Minne

Kisiwa cha Mafia kipo mkabala na delta ya Mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 50 hivi, na kimezungukwa na visiwa vidogo vikiwamo Chole, Juani na Jibondo. Vyote ni Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani. Mji mkuu wa visiwa hivi umehama mara kwa mara, na kila mara sababu imetokana na bahari. Anayezuru vijiji na fukwe za Mafia huiona historia hiyo kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni Ras Kisimani, ncha ya kusini magharibi. Hapa palikuwa na mji wa wafanyabiashara uliostawi enzi za masultani wa Kilwa, ambao ukoo wao ulitawala pia Mafia. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari. Zilizobaki ni fukwe za mchanga mweupe, ambako maji yalipopwa vilionekana vigae vya vyungu na sarafu za kale.

Mji wa pili ni Kua, katika Kisiwa cha Juani. Magofu yake ya mawe ya matumbawe na chokaa yana misikiti kadhaa, makaburi na jumba la watawala. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza uhasama wake na Kisimani. Watu wa Kisimani, inasimuliwa, waliwaalika wenzao wa Kua kwenye sherehe ya kushusha chombo kipya majini, kisha wakawakamata watoto wa wageni na kuwalaza mchangani ili chombo kipite juu yao. Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka, halafu wakawaalika wa Kisimani harusini. Wageni waliketishwa katika chumba cha chini, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe. Anguko la Kua lenyewe lilitoka mbali zaidi: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska waliuvamia kwa ngalawa, wakaua watu na kuchukua wengine utumwani.

Baada ya hapo Chole ikawa makao makuu. Waarabu wa Oman walimiliki mashamba makubwa ya minazi yaliyolimwa na watumwa, na nazi ikawa uchumi wa Mafia. Wajerumani walipoitwaa Mafia mwaka 1890, waliendelea kutawala kutoka Chole, na magofu ya majengo ya enzi hiyo bado yapo chini ya miti yenye mizizi iliyokumbatia kuta. Bandari ya Chole, hata hivyo, haikuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa, na mwaka 1913 utawala ukahamia Kilindoni.

Januari 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliiteka Mafia. Ndege zao ziliruka kutoka kisiwani kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha Rufiji, na Julai 11 mwaka huo ikaangamizwa. Kilindoni imebaki makao makuu hadi leo. Karibu na pwani yake huonekana papa potwe, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari.

Ufundi wa kale wa kuunda vyombo vya baharini haujakatika. Huko Jibondo mafundi huchonga mataruma kwa tezo, hutoboa mbao kwa keekee, na hukalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta ili maji yasipenye. Katika fukwe za mashariki ya Juani, kasa hupanda usiku kutaga, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi.

Uvuvi wa baruti ulipotishia matumbawe, mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini Tanzania. Wanavijiji wanaishi ndani yake na kushiriki kuilinda. Magofu ya Kua yanahitaji ulinzi kama huo: mizizi inapasua kuta, na mvua inamomonyoa chokaa. Ukuta ukianguka haurudi, kwa hiyo kazi ya kuyahifadhi isisubiri.