Dini na Ukoo Isiolo

Wasomali wa Isaaq, wengi wao askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza, walipewa makazi Isiolo, kaskazini mwa Kenya, na serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1930 jumuiya yao ilidai hadhi ya Waasia, hata ikataka kulipa kodi ya Waasia, iliyokuwa kubwa kuliko kodi waliyokuwa wakilipa. Hoja ilikuwa nasaba: babu yao, Sheikh Ishaq, alihesabiwa sharifu wa Kiarabu, yaani mzawa wa Mtume. Uislamu ulihitajika kwa hoja hiyo, lakini haukutosha. Mborana, jirani yao wa kabila jingine, aliyesilimu alibaki nje. Wapo watakaosema dini ilikuwa kisingizio cha siasa. Sikubali: bila imani, usharifu usingekuwa na uzito wowote. Kwa kulinganisha, Wamasoni (Freemasons) wa Uingereza humtaka mwanachama amwamini Mungu, wala hawamuulizi ukoo. Isiolo, imani iliupa ukoo heshima, na ukoo ndio uliofunga mlango.