Mbuga

Ukimtajia mtu wa mjini mbuga, atawaza Serengeti na twiga. Usukumani neno hilohilo ni la udongo: ule mweusi, mzito, wa mabondeni. Wataalamu wa udongo hulitumia hivyo hata katika maandishi ya Kiingereza, tangu enzi za mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, miaka ya 1930.

Anayeuziwa kiwanja akaambiwa “hapa ni mbuga” amepewa habari nzito. Udongo huu hunywa maji ukavimba. Kiangazi husinyaa, ukaacha nyufa za kuingia mkono. Msingi mfupi hauuwezi, na kuta hupasuka. Fundi makini huuondoa na kushindilia changarawe, au hushusha msingi hadi kwenye udongo mgumu. Shimo la choo ndilo linaloteseka zaidi, maana udongo huu wa mfinyanzi ukishashiba maji haupitishi mengine, na masika shimo hufurika.

Lakini kwa sababu hiyohiyo ya kushika maji, majaruba ya mpunga ya Shinyanga yapo. Mchicha nao hukubali, ila uinuliwe kwenye matuta yenye mboji, mizizi isioze.