Baiskeli, kofia ngumu na mji uliopangwa

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kuusimamia uhamisho huo, baiskeli ilipata heshima ambayo ni nadra kuipata katika miji yetu. Mpango kabambe wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulikusudia mji wa kijamaa ambao wakazi wake wengi wangetembea kwa miguu, wangeendesha baiskeli au wangepanda basi, na gari binafsi lisiwe ndilo linaloamua upana wa barabara. Usalama wa mwendesha baiskeli ulitafutwa kwenye ramani, kwa kumtenga na magari. Historia hiyo inafaa kukumbukwa kila yanapozuka mabishano ya kofia ngumu, kwa sababu mabishano hayo huanzia mwishoni. Tunamhoji mwenye baiskeli amevaa nini kichwani wakati wengine wamekwisha kuamua lori limpite karibu kiasi gani, na kwa kasi ipi.

Ramani ile haikupata fedha za kutosha, na kwa miongo minne wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Serikali ilipoanza kuhama kwa kishindo mwaka 2016 ilihama na magari yake, na si kwa mpangilio ule wa 1976. CDA yenyewe ikavunjwa mwaka 2017. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huo huo barabara ya lami ya kwenda Kondoa na Babati, iliyokuwa ya vumbi kwa vizazi, ikafunguliwa rasmi. Barabara hiyo inapita Makutupora, kaskazini mwa jiji, penye visima vinavyoinywesha Dodoma, kituo cha utafiti wa zabibu na kambi ya JKT. Lami ni neema na hakuna anayetamani vumbi lirudi, lakini lami hiyo hiyo ndiyo iliyompa dereva wa lori mwendo ambao mashimo yalikuwa yakimnyima.

Ili kuelewa mwendo huo unamfanya nini mtu wa baiskeli, tuitazame baiskeli ya mizigo, kama ya muuza maji wa Makutupora, jinsi ilivyo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Manne yakifungwa kwa mpira kwenye keria ni kilo 80, yaani sawa na kumbeba mtu mzima aliyeshiba. Baiskeli iliyobeba hivyo haikati kona upesi wala haisimami ghafla, hasa zile za breki za fito ambazo raba zake hukandamiza rimu iliyojaa vumbi. Honi ikilia nyuma, mwendeshaji hana budi kushuka pembeni. Na pale ukingo wa lami unapokuwa juu kuliko udongo, kurudi ndiko kwenye hatari kubwa: gurudumu la mbele husugua ukingo badala ya kuupanda, usukani hupinda, na mzigo humwangusha upande wa magari. Hapo hajafanya uzembe wowote, ametii honi tu.

Kofia ngumu haikuzaliwa kwenye baiskeli ya namna hiyo. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi Mwingereza aliyepata umaarufu Uarabuni, alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akafariki siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza majeraha ya kichwa ya wanajeshi wa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti uliosaidia kulifanya jeshi lione maana ya kofia. Ya baiskeli ni changa zaidi: kampuni ya Bell ya California ilianza kuuza ya kwake, yenye povu gumu ndani, mwaka 1975. Sheria ya kuwalazimisha waendesha baiskeli wote ilianza katika jimbo la Victoria, Australia, tarehe 1 Julai 1990, na New Zealand ikafuata mwaka 1994. Kwetu, Raleigh za Waingereza, Phoenix za Wachina na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam ziliuzwa kwa kengele na pampu, na halmashauri zikatoza leseni za baiskeli bila mtu kuulizia kichwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva wa pikipiki avae kofia ngumu. Mwenye baiskeli haimbani hivyo.

Je, kofia inasaidia? Inasaidia, na anayetetea hiari ya mtu hana haja ya kulikana hilo. Mwaka 2017 Jake Olivier na Prudence Creighton walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000, wakaona kwamba waliovaa kofia walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 70. Lakini takwimu hizo zinahusu watu waliokwisha kupata ajali. Hazituelezi ajali imetokeaje. Kofia inayokidhi kiwango cha Ulaya hujaribiwa kwa kuangushwa kwenye chuma bapa kwa mwendo wa chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa, mwendo wa mtu aliyeanguka mwenyewe. Lori lililopakia saruji halimo katika jaribio hilo. Tena povu la kofia likishapata pigo moja kubwa limekwisha kazi hata kama halionyeshi ufa, jambo la kukumbukwa na anayechagua kofia kwenye rundo la mtumba.

Watasema wengine: bodaboda analazimishwa kuvaa elementi, kwa nini mwenye baiskeli aachwe? Kwa sababu bodaboda anakuja na injini na kasi yake mwenyewe, na anahatarisha pia watu wengine. Hatari kubwa ya mwenye baiskeli huletwa na kasi ya mtu mwingine, na kumtoza faini yeye ni kumwadhibu aliyegongwa. Na faini ina mazoea ya kuwatafuta wanyonge. Huko Seattle, Marekani, ilibainika kuwa karibu nusu ya waliotozwa kwa kukosa kofia ni watu wasio na makazi, na mwaka 2022 sheria hiyo ikafutwa. Mexico City ilikuwa imeifuta yake tangu 2010. Melbourne nako, katika jimbo lile la Victoria, mara tu baada ya sheria kuanza, hesabu za barabarani zilionyesha watoto na vijana wanaoendesha baiskeli wamepungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa muuza maji wa Makutupora, faini moja ingemla faida ya siku, na asingenunua kofia kwa hasira.

Hoja ya upande wa pili ni nzito zaidi: kichwa ni chako, lakini wodi ni yetu sote. Kweli, ndiyo maana hiari peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya 16,000 walikufa barabarani Tanzania mwaka 2016, ilhali hesabu rasmi ilikuwa zaidi kidogo ya 3,200. Majeruhi wa kujaza wodi hizo wanapunguzwa zaidi na nini? Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi katika mradi wa SARSAI, na majeruhi miongoni mwa wanafunzi wakapungua kwa takriban asilimia 26, bila mtoto kuvalishwa chochote. Mzazi anayemnunulia mwanawe kofia anafanya vizuri, ila tuta linamlinda hata yule ambaye mzazi wake hana hela ya kofia.

Atakayesema barabara kuu haiwezi kujazwa matuta ana sehemu ya haki, kwani malori hayo ndiyo yanayobeba chakula na saruji yetu. Lakini sheria tayari inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu; kinachohitajika ni tochi za trafiki zimulike mahali ambapo baiskeli nazo zinapita, na mabega ya barabara yajazwe kifusi hadi yalingane na lami. Kazi hiyo ya pili ni ya greda na kokoto, na hairudiwi kila wiki. Nayo ina haraka, maana barabara ya mzunguko ya nje ya Dodoma, kilomita 112.3, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2022, inakutana na barabara ya kaskazini huko Veyula, jirani na Makutupora, na malori yasiyo na shida ya katikati ya jiji yataelekezwa huko huko kwa wenye madumu.