Kompyuta mpya, diski moja, herufi mbili: nafasi yako ya hifadhi imekwenda wapi?

Anayenunua kompyuta mpakato mpya jijini Kampala aghalabu hukutana na mshangao siku ile ile ya kwanza. Boksi limeandikwa terabaiti 1, lakini skrini inaonyesha gigabaiti 931. Akichunguza zaidi, huikuta diski C, pengine na diski D, pamoja na vipande vidogo visivyo na herufi wala maelezo. Je, amepunjwa dukani?

Mara nyingi hakupunjwa. Makala haya yanaeleza nafasi hiyo imekwenda wapi, patisheni ni kitu gani, na kwa nini wengi hupoteza kazi ya miaka kwa kuamini kwamba herufi mbili ni diski mbili.

Vipimo viwili kwa mzigo mmoja

Watengenezaji wa diski huhesabu kwa makumi: kwao gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu, na kwayo gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Mahindi ni yale yale. Debe la muuzaji na debe la mnunuzi ndiyo yanayotofautiana.

Ndiyo maana diski ya gigabaiti 256 husomeka takriban 238, ya 512 husomeka 476, na ya terabaiti 1 husomeka 931. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliweka majina tofauti kwa vipimo hivyo viwili, lakini Windows imeendelea kutumia jina la zamani. Kompyuta za Apple zilihamia hesabu ya makumi mwaka 2009, na kwa hiyo wenye kompyuta hizo hawaoni pengo hili.

Hesabu hiyo ni kinga yako pia. Ukiahidiwa terabaiti 1 na skrini ikaonyesha jumla ya 476 kwa diski nzima, umepewa diski ya 512. Itazame jumla hiyo dukani, kabla ya kutoa fedha.

Patisheni ni nini?

Twende mwaloni Ggaba, kando ya Ziwa Victoria. Fikiria mtumbwi uliotengwa kwa ubao katikati: upande mmoja sato, upande wa pili sangara. Samaki hawachanganyiki, na kila mwenye mali anaujua upande wake. Hata hivyo, mtumbwi ni mmoja.

Patisheni ni ubao huo. Ni mpaka unaochorwa ndani ya diski moja, ili kompyuta ione sehemu mbili au zaidi, kila moja na herufi yake. Herufi huanzia C kwa sababu ya historia: A na B zilikuwa za disketi. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya ndani ya megabaiti 10 tu, nayo ikakaa katika herufi iliyofuata. Disketi zimetoweka, mazoea yamebaki.

Vipande visivyo na herufi

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha ukubali. Utaona ramani ya diski yako. Pamoja na C, huwapo sehemu ndogo, kwa kawaida ya megabaiti 100 au zaidi kidogo, yenye maelekezo ya kuiwasha kompyuta. Huwapo pia sehemu ya kurejesha mfumo pale Windows inapoharibika.

Vipande hivi visiguswe. Anayekifuta kipande cha kuwashia ili ajipatie nafasi huokoa megabaiti chache, na kesho yake kompyuta haiwaki.

Je, nigawanye diski yangu?

Faida ipo. Mfumo ukiharibika na fundi akalazimika kuuweka upya kwenye C, nyaraka zilizoko D zaweza kusalimika, mradi fundi awe mwangalifu asifute diski nzima. Mgawanyo humfaa pia anayetaka mifumo miwili katika kompyuta moja, kwa mfano Windows na Linux.

Hasara nayo ipo. Ubao ukishapigiliwa, nafasi iliyobaki upande wa D haimsaidii aliyebanwa upande wa C. Windows 11 yenyewe inahitaji diski isiyopungua gigabaiti 64, na masasisho yake huja yakidai nafasi zaidi. Kwa diski ya gigabaiti 256 au chini, ni afadhali kuacha sehemu moja na kupanga kazi zako katika folda. Kwa diski ya terabaiti 1, mgawanyo unaweza kufaa ikiwa C itaachiwa nafasi ya kutosha. Na asikudanganye mtu: kuigawa diski hakuongezi nafasi hata kwa baiti moja.

Ukiamua kugawanya, fanya mambo matatu kwanza. Nakili nyaraka zako kwenye chombo kingine. Chomeka chaja na uhakikishe betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi waweza kupoteza kila kitu. Tatu, ikiwa diski yako imefungwa kwa usimbaji, hifadhi ufunguo wa kuifungulia nje ya kompyuta hiyo. Kisha, katika ramani ile ile, bofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Shrink Volume, na nafasi itakayoachwa wazi uiundie sehemu mpya.

D si nakala ya akiba

Hapa ndipo penye hatari. Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka akiba cha wachuuzi wa samaki. Daftari la michango ameliweka C, na kwa tahadhari amelinakili D. Analala usingizi mnono. Diski ikifa, kompyuta ikiibwa ndani ya teksi ya Ggaba Road au ikimwagikiwa na maji, C na D huondoka pamoja. Mtumbwi ukizama, ubao wa katikati haumwokoi sato wala sangara. Atakachowaambia wanachama siku ya kugawana hakimo katika herufi yoyote.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwa aliye Ggaba hiyo yaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje iliyoko nyumbani, na nakala ya tatu mtandaoni, au kwenye flashi iliyo kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Kama bando la intaneti ni ghali, usipandishe picha na video zote. Pandisha yale yasiyoweza kupatikana tena, kama vile tasnifu, hesabu za kikundi na vyeti.

Kisha ijaribu nakala yenyewe. Mara moja kwa mwezi, ifungue faili moja ukitumia kompyuta nyingine. Nakala isiyofunguka ni sawa na kutokuwa nayo, na ni heri kuligundua hilo kompyuta yako ingali nzima.