Utando na Sabufa: Historia ya Besi katika Spika za Umemetuamo

Spika ya umemetuamo hutoa sauti kwa utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji kwa maelfu ya volti na kuwambwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Wepesi wa utando huo huuwezesha kufuata muziki kwa uaminifu wa pekee, lakini nafasi kati ya mabamba ni finyu, hivyo hauwezi kwenda mbele na nyuma kiasi cha kusukuma hewa nyingi inayohitajiwa na besi. Isitoshe, kwa kuwa hauna sanduku, mawimbi ya mbele na ya nyuma, ambayo ni kinyume, hukutana kingoni na kufutana, hasa pale wimbi linapokuwa refu kuliko spika yenyewe. Na wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi.

Nchini Marekani, Arthur Janszen aliridhika kwanza kuuachia utando sauti za juu tu, na katika miaka ya 1950 twita zake, yaani spika za sauti za juu, ziliunganishwa na wufa, yaani spika ya besi, ya AR-1 ya Edgar Villchur, iliyotoka mwaka 1954, ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku lake ilifanya kazi ya springi. Huko Uingereza, Peter Walker alitaka makubwa zaidi: spika yake ya Quad ESL, iliyoingia sokoni mwaka 1957, ilibeba muziki wote kwa tando peke yake, ikasifiwa mno kwa sauti za katikati, ila ikakosa besi nzito na kishindo.

Waliofuata walijaribu kuziba pengo hilo kwa nguvu. Infinity, iliyoanzishwa California mwaka 1968, iliweka katika Servo-Statik 1 wufa ya inchi 18 iliyosahihishwa mwendo wake na saketi maalumu, na katika miaka ya 1970 mfumo wa HQD wa Mark Levinson ukaunganisha spika za Quad na wufa za Hartley za inchi 24. Hata hivyo, lalamiko la wasikilizaji wengi wa mifumo ya namna hii limebaki lile lile, kwamba besi huburuta nyuma ya utando. Kwa hakika koni ya wufa haichelewi. Kinachosikika ni mwangwi wa chumba, kwa sababu sabufa, yaani wufa ya besi nzito, ikiwa ya sanduku humwaga sauti pande zote na kuamsha mivumo ya kuta, ilhali utando hupeleka sauti mbele na nyuma na kunyamaza ubavuni.

Aliyelishika jambo hili vyema zaidi ni Jorma Salmi wa Finland, ambaye kampuni yake ya Gradient ilitengeneza SW-63 kwa ajili ya Quad ESL-63, spika ya Walker iliyotoka mwaka 1981. Sabufa hiyo haina sanduku, hivyo hutawanya besi kwa umbo lile lile la utando uliosimama juu yake. Nayo hulipa gharama ile ile ya mawimbi kufutana, ndiyo maana koni zake hulazimika kufanya kazi kubwa kwa kishindo cha wastani. Kwa anayetafuta mtikisiko wa sakafu, haimfai. Kwa anayetaka besi na utando visikike kama chombo kimoja, gharama hiyo inastahili kulipwa.