Tanuri la kupozea shanga za kioo: mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza Juba

Shanga ni sehemu ya mavazi ya Wadinka na jamii nyingine za Sudan Kusini, lakini nyingi huagizwa kutoka nje. Fundi anayetaka kuzitengeneza mwenyewe Juba atahitaji tanuri la kupozea. Ushanga ukipoa ghafla hewani, nje hugumu kabla ya ndani, na huweza kupasuka hata baada ya kuuzwa. Ndani ya tanuri, kioo cha kawaida hushikiliwa kwenye nyuzi 510 hadi 550 za Selsiasi, kisha hupozwa polepole kwa saa kadhaa.

Matofali au sufi?

Tanuri la sufi ya kauri ni jepesi na hupata moto haraka, ila umeme ukikatika joto hushuka upesi. Tanuri la matofali mepesi ya kuhimili moto hutunza joto muda mrefu zaidi. Kwa mji ambao umeme na jenereta hupokezana, la matofali ndilo salama kwa shanga. Kasoro yake ni njiani: matofali hayo ni laini na humeguka.

Umeme

Sudan Kusini hutumia volti 230. Matanuri mengi madogo ya Marekani ni ya volti 120, na yakichomekwa moja kwa moja huungua. Tanuri la kilowati 1.8 huvuta karibu ampea 8. Jenereta iwe na uwezo wa ziada. Chagua lenye kidhibiti joto kinachoendelea na kazi umeme unaporudi.

Njiani na mpakani

Mzigo unaoshushwa Mombasa hupita Malaba, Kampala na Elegu hadi Nimule. Kutoka hapo hadi Juba ni kilomita 192 za lami, iliyokamilika mwaka 2012. Tanuri lifungwe kwenye sanduku la mbao, lisimame wima, na lisiwekewe mzigo juu.

Ankara ieleze wazi aina ya tanuri. Katika orodha ya HS, matanuri ya umeme ya viwandani na maabara yako kifungu 8514, na yasiyo ya umeme, yakiwemo ya gesi, 8417. Uamuzi wa mwisho ni wa forodha.

Waya za joto na kipimajoto cha akiba viagizwe pamoja na tanuri. Kuviagiza baadaye ni safari nyingine ya njia ileile, huku kazi imesimama.